Kutoka kikombe cha chai hadi galaksi: maswali kuhusu kostiki, jiometri ya mipindo na mvutano

Maswali haya hunijia kila mara tunapofika kwenye mada ya mwanga, kutoka kwa wanafunzi wa Kisumu, Maseno na Kakamega, na wakati mwingine kutoka kwa wazazi wao. Wengi wamepitia vioo vilivyopinda katika Fizikia ya kidato cha pili. Wachache wameshagusa kalkulasi. Nimejaribu kuwajibu wote. Mahali pengine nimetumia mlinganyo mmoja au miwili, kwa sababu bila hiyo jambo lenyewe halionekani.

Kostiki ni nini hasa?

Chukua kikombe cha chuma chenye kuta zilizosimama wima. Kijaze chai ya maziwa hadi nusu, ukiweke dirishani jua likiwa limeinama, tuseme saa kumi na moja jioni. Juu ya chai utaona mstari mkali wa mwanga: pinde mbili zinazotoka ukutani na kukutana katikati kwenye ncha kali. Mstari huo ndio kostiki. Chai ya rangi haionyeshi vizuri kwa sababu mwanga hupenya na kupotelea ndani, ilhali maziwa huurudisha juu hadi machoni mwako.

Mstari huo haukuchorwa na mwale wowote mmoja. Miale ya jua inaingia ikiwa sambamba, inagonga ukuta wa ndani, kisha kila mmoja unarudi kwa pembe yake. Chukua miale miwili jirani kabisa. Baada ya kurudi inakatana mahali fulani. Chukua miwili mingine kando yake, nayo inakatana mahali pengine karibu na pale pa kwanza. Ukiunganisha mahali pote ambapo majirani hukatana, unapata kostiki. Kila mwale unaugusa mstari huo na kuendelea na safari yake. Ndiyo maana mwanga ni mwingi pale: miale iliyotoka kwenye upana mkubwa wa ukuta imesongamana kwenye upana mdogo sana.

Jambo la kutazama kwa makini ni kinachotokea ukivuka mstari. Upande mmoja kila nukta inapitiwa na miale miwili zaidi kuliko upande wa pili. Shika hilo la miwili, maana litarudi tukifika kwenye galaksi.

Kwa nini kuna ncha katikati?

Mwale unaogonga ukuta ana kwa ana hukutana na majirani wake mbali na ukuta kuliko miale mingine yote, yaani nusu ya njia kutoka ukutani hadi katikati ya duara. Miale inayogonga kwa kulalia hukutana na majirani wake karibu zaidi na ukuta. Hivyo mahali pa kukutana panasogea kwenda mbele hadi kwenye mwale wa katikati, halafu panarudi nyuma upande wa pili. Pale panapogeuka ndipo penye ncha. Mholanzi Christiaan Huygens aliushughulikia mchoro huu katika kitabu chake kuhusu mwanga kilichochapishwa 1690.

Jiometri ya mipindo inaingia wapi?

Inaingia mara tu unapoacha kuufikiria mwale mmoja mmoja na kuanza kuufikiria uso wa wimbi.

Mwanga unasafiri kama wimbi lenye uso, na miale ni mistari inayoukata uso huo kwa pembe mraba. Kila mahali kwenye uso uliopinda kuna duara linalokaa juu yake vizuri kuliko maduara mengine yote. Nusu kipenyo cha duara hilo hupima mpindo: kikiwa kifupi, mpindo ni mkali. Sasa, miale miwili jirani inayoukata uso kwa pembe mraba hukutana wapi? Katikati ya duara lile lile. Kwa hiyo kostiki ni mkusanyiko wa vituo vya maduara hayo. Huygens alikuwa ameshaifanya hesabu ya vituo vya namna hii katika kitabu chake cha 1673 kuhusu saa za pendulamu, wakati akitafuta umbo litakaloifanya pendulamu ihesabu muda sawasawa hata ikiyumba sana. Hesabu ya saa na hesabu ya mwanga zilikuwa moja.

Katika chumba chenye vipimo vitatu, uso wa wimbi una mipindo mikuu miwili kila mahali, kwa hiyo kostiki ina tabaka mbili. Zinaweza kugusana na kupenyana, na hapo maumbo yanakuwa ya kupendeza sana.

Mbona tunahitaji pia mlinganyo wa miale jirani?

Kwa sababu huo ndio daraja lenyewe kati ya chai na mvutano. Hadi sasa tumedhani miale inakwenda katika mahali pasipopinda. Je, mahali penyewe pakipinda? Carl Friedrich Gauss mwaka 1827, kisha Bernhard Riemann mwaka 1854, walituonyesha jinsi ya kupima mpindo wa mahali bila kutoka nje yake. Katika mahali palipopinda, njia nyoofu kuliko zote huitwa jiodesiki. Weka jiodesiki mbili jirani, uite pengo kati yake x, na umbali uliosafiriwa s. Basi:

d²x/ds² = −K·x

K ni mpindo wa mahali hapo. Mlinganyo huu unaitwa wa Jacobi. Unasema kwamba mpindo chanya hulivuta pengo lifunge, mpindo hasi hulisukuma litanuke, na pasipo na mpindo pengo hukua au hupungua kwa kasi isiyobadilika. Pengo likifika sifuri, majirani wamekutana. Hiyo ni kostiki.

Ningependa mwanafunzi akae na mlinganyo huo mmoja jioni nzima kabla ya kusoma kingine chochote.

Nikitembea Kisumu sioni mpindo wowote. Naweza kuonyeshwa?

Unaweza, na hapa kwetu ni rahisi kuliko sehemu nyingi za dunia. Ikweta inapita Maseno, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, na inapita pia Nanyuki. Kati ya miji hiyo miwili, ukifuata Ikweta, kuna karibu kilomita 275.

Mtu mmoja asimame Maseno, mwingine Nanyuki, wote waelekee kaskazini kamili. Wanapoanza, njia zao ni sambamba kabisa: zote zinaikata Ikweta kwa pembe mraba. Hakuna anayegeuza usukani. Wakifika latitudo ya 60, ndani ya Urusi, pengo kati yao limebaki nusu, karibu kilomita 137. Wakifika Ncha ya Kaskazini pengo ni sifuri. Hakuna aliyemvuta mwenzake kwa kamba. Uso wa dunia ndio uliowakutanisha, na kasi ya kukutana inafuata mlinganyo ule ule, K ikiwa moja juu ya mraba wa nusu kipenyo cha dunia.

Ongeza hili. Njia zote nyoofu zinazotoka Kisumu, kwa kila upande, hukutana tena katika nukta moja katikati ya Bahari ya Pasifiki, umbali wa kilomita 20,000 hivi. Ndege inayopita nukta hiyo ikiendelea mbele haiko tena kwenye njia fupi: upande wa pili wa dunia ungeifikisha mapema. Mfano huu utatusaidia tukifika kwenye mashimo meusi, mahali ambapo mvutano ni mkali hata mwanga hautoki.

Sasa mvutano unahusianaje na chai?

Albert Einstein alikamilisha nadharia yake ya mvutano (graviti) mwaka 1915. Ndani yake, maada na nishati hupinda anga-wakati, yaani nafasi na wakati vikichukuliwa kama kitu kimoja, na mwanga hufuata njia nyoofu kuliko zote zilizopo katika mpindo huo. Yaani jiodesiki. Basi majirani wa miale wanatii mlinganyo wa Jacobi, na K sasa inaamuliwa na nyota, gesi na kila kilichomo njiani. Katika kikombe, miale inaanza kukaribiana kwa sababu ukuta umeipa pembe tofauti, kisha inakwenda katika mahali pasipo na mpindo. Angani, miale inaanza ikiwa karibu sambamba na mpindo unaikusanya pole pole njiani. Sababu mbili tofauti, lakini x inafika sifuri kwa sheria moja.

Kuna undani mzuri hapa. Maada iliyomo ndani ya fungu la miale hulibana fungu sawasawa pande zote. Maada iliyo nje, pembeni, hulinyoosha upande mmoja na kulibana upande mwingine, duara likawa duaradufu. Mpindo wa aina ya kwanza hubeba jina la Ricci, wa pili la Weyl. Na kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: hata huo unyooshaji wa pembeni, ukiachwa uendelee, hulipunguza eneo la fungu. Alimradi maada iliyo njiani haina nishati hasi, mvutano hukusanya mwanga. Hautawanyi.

Mwanga hauna masi. Unavutwa vipi?

Hauhitaji masi ili ufuate njia nyoofu. Kinachopinda ni mahali unapopita.

Mwanga hupindika kiasi gani karibu na Jua?

Mwale unaopita ukingoni mwa Jua hupindika sekunde 1.75 za tao. Digrii moja ina sekunde 3,600, kwa hiyo ni sehemu ndogo kuliko moja ya 2,000 ya digrii. Ukitumia mvutano wa Newton pekee unapata nusu ya hiyo. Nusu moja inatokana na wakati kwenda polepole karibu na Jua, nusu ya pili inatokana na nafasi yenyewe kupinda.

Tarehe 29 Mei 1919, wakati wa kupatwa kwa jua, Arthur Eddington alikuwa katika kisiwa cha Príncipe, karibu na pwani ya magharibi ya Afrika, na kundi jingine lilikuwa Sobral, Brazil. Walipiga picha za nyota zilizo karibu na Jua lililofunikwa, wakapima zilivyohama mahali pake. Vipimo vilikubaliana na Einstein.

Unaweza pia kuihesabu njia hiyo kana kwamba anga iliyozunguka Jua ni kioo chepesi. Kipimo cha upindishaji wake (refractive index, ambacho kwa ombwe ni 1) ukingoni mwa Jua kinazidi 1 kwa takriban 4.2 kwa kila milioni. Hewa tunayovuta, kwenye usawa wa bahari, inazidi 1 kwa karibu 290 kwa kila milioni. Hewa inapinda mwanga takriban mara 70 zaidi ya mvutano wa Jua mahali unapopita! Ni kwa sababu ya udogo huo kwamba miale iliyopindwa na Jua inakutana mbali sana: kuanzia mara 550 hivi ya umbali wa Dunia hadi Jua, yaani kilomita bilioni 82. Chombo cha Voyager 1 kilichorushwa 1977 hakijafika hata nusu ya njia hiyo.

Je, kostiki za mvutano zimeonekana kweli?

Ndiyo, na mara nyingi. Ila kuna tofauti moja ya kuelewa kwanza. Kwenye chai tunauona mstari kwa sababu uso wa chai unaupokea mwanga kila mahali kwa wakati mmoja. Angani sisi ni nukta moja tu kwenye uso huo. Hatuuoni mstari mzima. Tunaona kinachotokea mstari unapotupitia, au nyota iliyo nyuma ya lenzi, yaani nyuma ya galaksi au nyota inayopinda mwanga, inapokaribia kuuvuka.

Mwaka 1979 Dennis Walsh, Robert Carswell na Ray Weymann walitangaza kwaza mbili (kwaza ni kiini cha galaksi ya mbali kinachong'aa mno) zilizoonekana kando kando zikiwa na mwanga wa aina moja kabisa. Ilikuwa kwaza moja, na galaksi iliyo katikati ya njia ilikuwa imeigawa picha. Kwaza hiyo inajulikana kama Q0957+561. Baadaye ikapatikana kwaza yenye picha nne zilizopangwa kama msalaba kuizunguka galaksi, ambayo watu huiita Msalaba wa Einstein. Nne hutokea chanzo kikiwa ndani ya kostiki yenye umbo la almasi lenye ncha nne. Lenzi ingekuwa duara kamili, kostiki hiyo ingejikunja ikawa nukta moja, na tungeona pete.

Ninayoipenda kuliko zote ni ile supanova, yaani mlipuko wa nyota, iliyopewa jina la Sjur Refsdal, Mnorwe ambaye mwaka 1964 alieleza kwamba ucheleweshaji kati ya picha unaweza kutumika kupima kasi ya kutanuka kwa ulimwengu. Mnamo Novemba 2014 ilionekana ikiwa na picha nne nyuma ya kundi la galaksi liitwalo MACS J1149. Wanahesabu wakachora ramani ya lenzi, wakasema kuna picha nyingine ambayo mwanga wake bado uko njiani, kwa kuwa njia yake ni ndefu zaidi, na itatokea katika mwaka unaofuata au karibu na hapo. Desemba 2015 ikatokea, mahali palipotajwa. Fikiria maana yake: walijua mlipuko utaonekana wapi kabla haujaonekana, kwa kutumia jiometri.

Nyuma ya kundi hilo hilo, karibu kabisa na kostiki, ilionekana nyota moja iliyopewa jina Icarus, ikatangazwa 2018. Mwanga wake umesafiri miaka bilioni 9. Nyota moja kwa umbali huo haionekani na darubini yoyote tuliyo nayo. Ilionekana kwa sababu mng'aro wake ulikuzwa zaidi ya mara 2,000.

Kwa nini picha huongezeka mbili mbili?

Hapa tunarudi kwenye ile miale miwili ya kikombe.

Kanuni ya Fermat inasema mwanga huchagua njia ambazo muda wake haubadiliki ukizisogeza kidogo. Chora, kwa kila upande angani, muda ambao mwanga ungetumia kufika kwetu ukipitia upande huo. Unapata kitu kama ardhi kati ya Ahero na milima ya Nandi: kuna mabonde, kuna vilele, na kuna zile njia za kupitia kati ya vilele viwili. Mahali popote ambapo ardhi ni tambarare kabisa chini ya unyayo, iwe kitako cha bonde, kilele au kipitio, ndipo panapoonekana picha.

Chanzo kikihama nyuma ya lenzi, ardhi hiyo inabadilika taratibu. Bonde jipya haliwezi kuzaliwa peke yake. Mteremko ukianza kubonyea, bonde na kipitio huzaliwa pamoja, mahali pamoja, na kuanza kuachana. Wakati wa kuzaliwa, mteremko na mpindo wa ardhi kwa upande mmoja vyote ni sifuri. Wakati huo ndio chanzo kinavuka kostiki. Ndiyo sababu picha ni 1, kisha 3, kisha 5, kwa lenzi ambayo maada yake imetandazwa bila nukta kali. Darubini mara nyingi huonyesha pungufu ya moja, kwa sababu picha ya katikati huwa hafifu mno.

Upinde wa mvua nao unaingia humu?

Unaingia. René Descartes alihesabu mwaka 1637 kwamba miale inayoingia tone la maji, ikaakisiwa mara moja ndani na kutoka, hurudi kwa pembe mbalimbali, lakini pembe hizo zina kikomo cha digrii 42 hivi kutoka upande ulio mkabala na Jua. Kwenye kikomo hicho pembe inaacha kukua na kuanza kupungua, hivyo miale inasongamana. Ni kostiki ya pembe badala ya kostiki ya mahali. Angalia vizuri mara nyingine: anga ndani ya upinde inang'aa kuliko nje yake. Ndani, karibu na kikomo, miale miwili inafika kwa kila pembe, nje haifiki hata mmoja.

Kikomo hicho kinaeleza pia kwa nini watu wa Kisumu hawauoni upinde saa nane mchana hata mvua ikinyesha huku jua likiwaka. Ukisimama uwandani, Jua lazima liwe chini ya digrii 42 kutoka upeo wa macho. Hapa kwetu hilo huanza karibu saa kumi alasiri, na asubuhi huisha karibu saa tatu na nusu. Jioni, mgongo ukiwa umeelekea ziwani, tazama upande wa milima ya Nandi.

Kwa nini maumbo ni yale yale kila mahali?

Kwa sababu mkunjo (ule mstari laini wa kostiki) na ncha ndivyo vitu pekee vinavyobaki imara ukivitikisa. Hassler Whitney alithibitisha mwaka 1955 kwamba ukiipeleka karatasi bapa juu ya nyingine bila kuichana, makosa yanayodumu ni ya aina mbili tu: mkunjo, na ncha ambapo mikunjo miwili inakutana. Vingine vyote husambaratika na kuwa hivi viwili ukivisukuma kidogo. René Thom na Vladimir Arnold walipanua orodha hiyo kwa vipimo zaidi. Katika vipimo vitatu zinaongezeka aina tatu, mojawapo ikiwa na umbo la mkia wa mbayuwayu.

Uimara huo una matokeo ya kupimika. Ukikaribia mkunjo kutoka upande wenye miale miwili ya ziada, mng'aro hukua kwa kipimo cha moja juu ya kipeuo cha pili cha umbali uliobaki. Umbali ukipungua mara nne, mng'aro huongezeka mara mbili. Sheria hiyo inafanya kazi juu ya chai yako, na inafanya kazi kwa Icarus, bila kubadilishwa herufi. Wanaotafuta sayari huitegemea pia: nyota ya mbali ikivuka kostiki ya nyota yenye sayari, mng'aro wake hupanda ghafla na kushuka ghafla, na umbo la mpando huo huwaambia kwamba sayari ipo.

Umbali ukiwa sifuri, mng'aro unakuwa bila kikomo?

Hapana. Mwanga ni wimbi, na George Biddell Airy alionyesha mwaka 1838, akishughulikia upinde wa mvua, kwamba wimbi hupita kwenye mkunjo likiwa na mng'aro mkubwa lakini wenye kikomo, na kuacha mistari myembamba pembeni. Ile michirizi hafifu ya zambarau na kijani ambayo huonekana mara nyingine chini ya upinde ndiyo mistari hiyo. Angani kinachoweka kikomo kwanza, kwa kawaida, ni ukubwa wa nyota yenyewe.

Kwa hiyo kostiki ni kitu kimoja na kitovu cha shimo jeusi?

Swali hili ndilo linalonifanya niandike yote haya, maana watu wengi wanachanganya.

Kwenye kostiki hakuna kilichoharibika. Chai haikutoboka. Ncha ya Kaskazini, ambapo wasafiri wetu wa Maseno na Nanyuki walikutana, ni barafu ya kawaida juu ya bahari. Kilichoharibika ni namna ya kuandika anwani: tulizoea kuitambua kila nukta kwa mwale unaoipitia, na sasa nukta moja ina miale mingi. Ramani imejikunja, mahali penyewe pako salama. Singulariti, yaani hicho kitovu cha shimo jeusi, ni jambo jingine. Huko njia zenyewe zinaisha.

Lakini la kwanza lilitumika kuthibitisha la pili, na hapo ndipo uzuri ulipo. Mwaka 1955 Amal Kumar Raychaudhuri, akiwa Kolkata, alichapisha mlinganyo unaoeleza jinsi kundi zima la jiodesiki linavyobanwa na maada. Ni ndugu wa mlinganyo wa Jacobi, ila unafuata ujazo wa kundi badala ya pengo moja. Unaonyesha kwamba kundi likishaanza kukaribiana, mvutano utalifikisha kwenye kukutana ndani ya umbali wenye kikomo.

Mwaka 1965 Roger Penrose aliuchukua ukweli huo. Alianza na uso ambao mwanga unaotoka nje yake, na si ule unaoingia ndani tu, umeshaanza kukaribiana kwa sababu mvutano ni mkali mno. Miale yote hiyo lazima ikutane. Na mwale ukishapita mahali pa kukutana, hauko tena kwenye ukingo wa eneo linaloweza kufikiwa, kama ile ndege iliyopita nukta ya Pasifiki: kuna njia ya kuwahi zaidi. Kwa hiyo, kama kila mwale ungeweza kuendelea mpaka hapo, ukingo huo ungejifunga wote kama mpira. Ukingo uliojifunga hauwezi kutoshea katika ulimwengu ambao nafasi yake haina mwisho. Basi angalau mwale mmoja unaisha kabla haujafika. Hakuhitaji nyota iwe duara kamili, wala hakutatua milinganyo ya Einstein hatua kwa hatua. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2020.

Maada nayo huunda kostiki?

Ndiyo. Yakov Zeldovich alieleza mwaka 1970 kwamba maada ya ulimwengu mchanga, ikianza na mwendo wenye tofauti ndogo ndogo, itajikunja kuwa matandazo bapa yenye msongamano mkubwa. Hesabu ni ile ya miale ya chai, isipokuwa badala ya mwanga kuna chembe za maada. Nyuzi na matandazo ya galaksi yanayoonekana leo yana mizizi hapo.

Naweza kufanya zoezi gani nyumbani?

Tafuta bangili pana ya chuma kinachong'aa, iweke juu ya karatasi nyeupe juani, jua likiwa limeinama. Usilitazame Jua lenyewe, wala picha yake kwenye chuma. Pima kipenyo cha ndani. Tuseme ni sentimita 8, nusu kipenyo R ni 4.

Mwale unaogonga ukuta kwa pembe i, ukipimwa kutoka kwenye mstari uendao katikati ya duara, hukutana na jirani yake baada ya kusafiri (R/2)·cos i. Kwa i = 0 unapata sentimita 2, hapo ndipo ncha inapaswa kuwa. Kwa i = 60 unapata sentimita 1. Weka alama za penseli kwa pembe sita au saba, unganisha, ulinganishe na mwanga ulioko kwenye karatasi.

Ukimaliza, rudia usiku kwa tochi ndogo ya simu iliyowekwa kwenye ukingo wenyewe wa bangili. Ncha itahama: sasa iwe theluthi mbili ya R kutoka ukuta wa mkabala. Umbo pia litabadilika, liwe kama moyo. Jaribu kupata sababu ya theluthi mbili kwa kutumia fomula ya vioo vilivyopinda uliyofundishwa kidato cha pili, chanzo kikiwa umbali wa 2R.